Bi Mvuke na Mbio za Jua Kali

Bi Mvuke alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wenzake kazini ndio waliompachika, kwa sababu pasi yake ya mvuke haikupoa tangu asubuhi hadi alasiri. Alinyoosha mashuka, foronya, vitambaa vya meza na sare za wahudumu. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo, tena juu kabisa karibu na dari. Mtu akiingia kutoka nje, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kifungo cha shati.

Nyumbani aliishi na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa na pengo dogo mbele, basi tangu utotoni aliitwa Kijino. Wazazi wao walikuwa wamefariki zamani. Dada alimlea mdogo wake, mdogo akakua, wakawa watu wazima wawili katika vyumba vilevile viwili. Kila jioni, jua likishapoa, walivaa raba wakaenda kukimbia. Hawakuwa wanariadha. Hawakushindana na mtu. Walikimbia mdogomdogo huku wakipiga soga njia nzima: nani amenuna kazini, nani amesuka nywele zikamkataa. Wakizidiwa na kicheko walisimama, wakashika viuno, kisha wakaendelea.

Halafu Kijino akaolewa. Mumewe alikuwa mchimba visima, na kazi yake ilikuwa mbali, safari ya mchana kutwa na zaidi. Bi Mvuke alifurahi kwa dhati. Gauni la harusi alilipiga pasi mwenyewe, akalirudia na kulirudia mpaka mdogo wake akasema, "Dada, litaungua sasa." Wageni walipoondoka, alifagia vyumba vyote viwili, akaketi kitandani. Akasikia friji ya jirani ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Miaka yote ile hakujua kwamba friji hiyo husikika.

Tangu siku hiyo nyumba ikamshinda. Akiingia ndani na kukaa, hakuwa na hamu ya kutoka tena. Akitoka kuoga, hakuwa na wa kumwambia maji leo ni ya baridi. Akaona bora asiingie kabisa. Alibeba raba kwenye mfuko, na kazi ikiisha alasiri, alizivaa palepale kwenye mlango wa nyuma wa hoteli. Kutoka hapo alikimbia moja kwa moja, jua likiwa bado kali.

Alivaa koti zito la michezo. Koti hilo Kijino alilisahau nyuma ya mlango. Wenzake kazini walipomuuliza, aliwaambia koti linamtoa jasho, na jasho linapunguza mwili. Ukweli aliujua mwenyewe. Koti lilikuwa bado lina harufu ya mafuta ya nywele ya mdogo wake.

Maji hakunywa. Mtu mmoja alimwambia kwamba ukinywa maji kabla ya mbio unapata kichomi, naye akalishika neno hilo. Tena, kwa kuwa hapakuwa na soga, miguu ilizidi kwenda mbio. Alikimbia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

Mlango wa pili kutoka kwake aliishi mama mmoja aliyefanya kazi kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutembea tena baada ya kuvunjika au kuumia. Mchana kutwa alishinda na magongo mikononi, akimkabidhi huyu, akimnyang'anya yule aliyepona. Mtaa mzima ulimwita Mama Magongo. Siku moja alipishana na Bi Mvuke njiani.

"Jirani!" akapaza sauti. "Jua hili hata mbuzi wamejificha. Wewe unakwenda wapi na koti?"

"Nanyoosha miguu tu!"

"Njoo tuzungumze kidogo."

"Siku nyingine, jirani!" Bi Mvuke akajibu bila kusimama.

Hakutaka kuzungumza. Aliogopa kwamba akianza, atalia mbele za watu.

Basi ikafika siku moja ya joto kali. Kazini, mashine moja ya kukaushia iliharibika, kwa hiyo mashuka yakaja mabichi. Bi Mvuke alisimama kwenye mvuke kuliko siku zote. Hata chai hakunywa. Alipotoka, kichwa kilikuwa kinamgonga. Akavaa koti, akajikaza kisabuni, akaanza kukimbia.

Alikata kona ya kwanza. Akafika kwenye barabara ndefu inayopita kando ya ukuta wa maghala. Hapo hapakuwa na kivuli hata cha kuficha paka. Kichefuchefu kikamshika. Halafu akashangaa: vinyweleo vimemsimama, anasikia baridi. Baridi, kwenye jua lile! Alidhani mwili umepoa, kwamba sasa mambo ni mazuri. Akaongeza mwendo.

Barabara ikaanza kuyumba. Mguu wa kulia ukakanyaga ukingo wa mtaro, ukapinda. Akaanguka chini kama mzigo.

Watu wachache walikuja mbio kutoka kwenye maghala. Bahati nzuri Mama Magongo naye alikuwa anarudi kutoka kazini. Alitupa mkoba wake chini.

"Msogezeni kivulini! Huku, nyuma ya ukuta. Nisaidieni kumvua koti hili."

Mwili wa Bi Mvuke ulikuwa moto kama pasi. Mama Magongo akamshika uso.

"Jirani, unanisikia? Leo ni siku gani?"

Bi Mvuke alimwangalia bila kujibu.

"Nani yuko nyumbani tumwite?"

"Kijino," Bi Mvuke akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelewa. "Kijino yupo. Anapika. Mwambieni asinisubiri, ale tu."

Mama Magongo alijua kwamba Kijino hayupo. Mtaa mzima ulijua. Akasimama haraka.

"Tafuteni gari sasa hivi. Huyu ni wa hospitali."

Mwanamume mmoja alikuwa na chupa ya maji. Akainama ili amnyweshe.

"Usimpe mdomoni," Mama Magongo akamzuia. "Akili imemruka, maji yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mmwagie mwilini. Shingoni, makwapani, mapajani. Na wewe, chukua boksi hilo umpepee, usiache."

Walimmwagia maji na kumpepea mpaka gari likaja. Hata ndani ya gari, Mama Magongo aliendelea kumlowesha na kumpepea, madirisha yote wazi.

Bi Mvuke alipopata fahamu vizuri, alikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, kimefungwa bandeji. Mama Magongo alikuwa ameketi kando.

"Nilisema nini kule?" Bi Mvuke akauliza.

"Ulisema maneno ya joto," Mama Magongo akajibu kwa upole. "Yaache huko."

Lakini mtu mmoja aliyewasindikiza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia yote. Bi Mvuke aligeukia ukutani. Machozi yakamtoka, na safari hii hakuyazuia.

Daktari alieleza kwamba mfupa haukuvunjika. Kano za kifundo, yaani zile kamba zinazoshika mifupa pamoja, ndizo zilizovutika na kuchanika kidogo. Alimpa ruhusa ya kupumzika nyumbani, mguu uwe juu, usibebeshwe uzito mwanzoni. Kukimbia asahau kwanza.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Bi Mvuke alikaa kwenye kiti, mguu juu ya kiti kingine. Alisikia milango ya majirani ikifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Alisikia watu wakiitana kula. Mama Magongo alipita kila siku akitoka kazini, akamfunga kitambaa chenye barafu, akamtazama mguu, akaenda kwake. Baada ya hapo ilibaki friji ya jirani.

Kijino alipiga simu.

"Dada, hujambo? Mbona sauti yako ni ndogo?"

"Sijambo. Nimechoka na kazi tu. Wewe je?"

"Mimi mzima kabisa. Huku kuzuri. Watu wazuri."

"Umepata marafiki?"

"Wengi, Dada!"

"Afadhali," Bi Mvuke akasema. Akafurahi, na hapohapo moyo ukamnyong'onyea.

Uvimbe ukapungua. Maumivu yakawa ya kuja na kuondoka. Siku moja jioni Bi Mvuke akajiambia kwamba akikaa ndani tena ataongea na vyombo. Akavaa raba, akatoka. Mwanzoni mguu ulikubali. Akaongeza kasi kama kawaida yake. Kabla hajafika hata kwenye kona, mguu ukapinda palepale pa zamani. Alirudi nyumbani akiruka na mguu mmoja, akishika kuta za watu.

Mama Magongo alipouona mguu, aliweka mkoba wake chini. Halafu akavuta kigoda.

"Leo tutazungumza," akasema, "utake usitake. Kazini kwako, shuka likichanika mnafanyaje?"

"Fundi analishona."

"Akipitisha uzi na hajafunga fundo, ukalivuta, inakuwaje?"

"Linafumuka."

"Basi ndiyo kano yako hiyo. Maumivu yakipungua, uzi umepita tu. Fundo bado. Wewe umelivuta shuka."

Bi Mvuke akacheka kidogo, huku anauma meno kwa maumivu.

"Sasa nieleze," Mama Magongo akaendelea. "Kwa nini ulikuwa unakimbia kwenye jua lile?"

"Nikiingia ndani kwanza, sitoki tena."

"Nakuelewa. Lakini sikia. Mchana kutwa uko kwenye mvuke. Ukitoka kazini, mwili umeshakuwa moto na maji yamekwisha. Jasho ndilo linaloupoza mwili, lakini lazima likauke kwenye ngozi. Ukivaa koti, jasho halikauki, joto linabaki ndani. Na jasho si mafuta. Ukinywa maji, uzito wote uliopungua unarudi."

"Lakini kichomi je?"

"Usinywe ndoo nzima na kuanza kukimbia papo hapo. Kunywa kidogokidogo tangu asubuhi. Angalia mkojo wako. Ukiwa na rangi iliyokolea kama chai, huna maji ya kutosha. Siku hiyo usikimbie, kunywa upumzike. Na kichwa kikigonga, ukasikia kichefuchefu, kizunguzungu, au baridi kwenye joto, simama. Usijikaze. Kaa kivulini, jiloweshe, kunywa maji. Lakini mtu akianza kuweweseka, kama wewe siku ile, hapo ni kumpoza na hospitali, haraka. Huko kuna kufa, jirani yangu."

Bi Mvuke hakuwa amefikiria kufa. Sasa alijiuliza: kama angekufa, nani angekuwa wa kwanza kujua? Pengine msimamizi wa kazi, akiona mashuka yamerundikana.

"Jambo jingine," Mama Magongo akasema. "Unapokimbia, unaweza kuongea?"

"Niongee na nani?"

Mama Magongo alikuwa ameuliza kama anavyowauliza wagonjwa wote. Friji ikanguruma ng'ambo ya ukuta, ikanyamaza.

"Nisamehe," akasema mwishowe. "Hicho ni kipimo tu. Mtu anayekimbia kwa afya anatakiwa aweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa, amezidisha mwendo. Zamani mlikuwa mnapiga soga, kwa hiyo mwendo ulikuwa sawa bila ninyi kujua. Ulipobaki peke yako, hakuna aliyekupunguza mwendo."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Imba. Hesabu mashuka kwa sauti. Watu wakikuona umechanganyikiwa, waambie nimekutuma mimi."

Kuanzia hapo Bi Mvuke alifuata maneno yale, pamoja na mazoezi ya mguu aliyoonyeshwa na Mama Magongo. Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo, lakini yalihitaji subira, na subira ndiyo iliyokuwa ngumu. Mguu ulipopata nafuu, alianza kuuchezesha hewani akiwa amekaa, kama anaandika herufi kwa kidole gumba. Baadaye alisimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na meza, akisubiri chai ichemke. Mwanzoni aliyumba kama kuku aliyenyeshewa. Halafu alijifunza kunyanyuka kwa ncha za vidole na kushuka polepole. Kazini, msimamizi alimkubalia kupiga pasi akiwa amekaa, na Bi Mvuke akaweka chupa ya maji kando ya foronya.

"Lini nitakimbia?" alimuuliza Mama Magongo kila mara.

"Kwanza utembee haraka bila kuchechemea. Kisha usimame kwa mguu huo sawasawa na mwenzake. Kisha uruke nao bila maumivu. Ukifika hapo, njoo tuongee."

Siku aliyofika hapo, walikubaliana aende alfajiri, wakati ardhi imepoa. Kwa kuwa alikuwa peke yake, Mama Magongo alimchagulia barabara inayozunguka kituo cha afya. Hapo taa zilikuwa zinawaka, mlinzi yuko getini, na wagonjwa wa mapema walikuwa wameanza kufika. Bi Mvuke alivaa fulana nyepesi, pana. Alitembea kwanza. Kisha akakimbia kipande kifupi, akatembea tena, akakimbia tena.

"Shuka la kwanza," alisema kwa sauti. "Shuka la pili. Foronya."

Mlinzi alimwangalia. "Mama, umepoteza nguo?"

"Hapana, baba. Napima pumzi."

"Haya," mlinzi akasema. "Zikipatikana nitakuita."

Kila asubuhi baada ya siku ya mazoezi, aliangalia kifundo kabla ya kushuka kitandani. Kama hakikuvimba wala kuuma, aliongeza kidogo. Siku moja kiliuma. Zamani angejikaza. Safari hii alipumzika, na aliporudi alipunguza kipande cha kukimbia. Kati ya mazoezi na mazoezi aliacha siku ya kupumzika. Siku za kupumzika ndizo zilikuwa ngumu zaidi, kwa maana nyumba ilikuwa ileile. Lakini alianza kuingia ndani moja kwa moja akitoka kazini. Alifungua dirisha, akaoga, akapika, akala akiwa amekaa mezani. Hakuna aliyemkimbiza.

Siku moja, wakati wa mapumziko kazini, alitoka kwenye mlango wa nyuma akampigia Kijino.

"Mdogo wangu, sikuwa mzima siku ile uliponipigia," akasema. Akamweleza yote: jua, koti, mtaro, hospitali. Hata maneno aliyoyasema akili ilipomruka alimweleza.

Bi Mvuke alisikia Kijino akivuta kiti.

"Ulisema ninapika?"

"Ndiyo."

"Dada, na mimi nilikudanganya." Sauti ya Kijino ikakatika, ikarudi. "Sina rafiki hata mmoja huku. Shemeji yako anaondoka giza, anarudi giza. Namshukuru Mungu ni mtu mwema. Lakini mchana nakaa naangalia ukuta. Raba zangu ziko kwenye begi tangu nije."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Dada. Niliona nikikuambia nitakuharibia."

Bi Mvuke akaketi juu ya kreti tupu. Alitamani kupanda gari siku hiyohiyo. Haikuwezekana, na wote wawili walijua.

"Kuna joto huko?" akauliza.

"Mchana hakufai hata kuchungulia."

"Basi kesho alfajiri zitoe raba kwenye begi. Leo anza kunywa maji, kidogokidogo. Usivae nguo nzito. Mumeo akiondoka, mtoke naye mpaka barabarani, uanze kutembea pale penye watu. Mwili wako haujazoea joto la huko, na umekaa muda mrefu. Siku za kwanza tembea tu. Mimi nitakuwa natembea huku, na simu sikioni."

"Nitakuwa mzito, Dada."

"Mimi nahesabu foronya barabarani. Nani atakucheka?"

Ndivyo walivyoanza. Wiki za mwanzo walitembea tu. Baadaye wakaingiza vipande vya kukimbia, kila mmoja kwenye barabara yake.

"Mbona umenyamaza?" Bi Mvuke aliuliza asubuhi moja.

"Na... na... kimbia."

"Tembea! Ukishindwa kuongea, umezidisha."

Miguu ya Kijino ilisikika kwenye simu ikipunguza mwendo. Pumzi ikatulia.

"Haya, niambie, hapo ulipo kuna nini?"

"Kuna ukuta wa shule. Kuna mwanamke mbele ya mlango wake. Anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Kila siku ananiangalia."

"Umewahi kumsalimia?"

"Naona haya."

"Msalimie."

Bi Mvuke alisimama kando ya njia, akabana simu sikioni. Alimsikia mdogo wake akisalimia. Kisha sauti ya mwanamke asiyemjua ikajibu, na ikaendelea, ndefu, yenye maswali. Kijino akajibu moja. Halafu akacheka kile kicheko chake cha kushika kiuno.

"Dada," Kijino akasema haraka, "ananiuliza kama naweza kumsubiri avae viatu. Anataka tutembee wote."

"Msubiri."

"Nikupigie baadaye?"

"Nipigie."

Simu ikakatika. Bi Mvuke akaitia mfukoni. Barabara ilikuwa tupu, na jua lilikuwa bado halijatoka. Alikanyaga chini kwa mguu wa kulia, akausikiliza. Haukuuma. Akaanza tena kukimbia, polepole, peke yake.